Mwaka Kambare Hawakupanda

Mimi nilizaliwa upande wa juu wa mto Kizigo, nikaolewa upande wa chini, na hilo ndilo lililoniponza. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nikizunguka mnivumilie.

Huku kwetu kusini ya Manyoni, mvua za kwanza zikinyesha kambare walikuwa wanapanda kutoka mto mkubwa. Tunaziba mto kwa uzio wa fito, tunatega migono, ile mitego inayosukwa kama vikapu virefu. Lakini katikati ya uzio lazima uache mlango, samaki wengine wapite waende kwa wenzako wa juu. Ukiuziba, wewe ni mwizi, na mwizi wa samaki alipigwa kuliko wa mbuzi. Mbuzi si anarudishwa? Nilishaona mtu kang'olewa meno yote ya mbele kwa ajili hiyo, mkewe akawa anamlowekea ugali kama mtoto mchanga.

Sasa miaka ile ya Ujamaa tulishahamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa mstari, mto uko mbali. Tukasikia serikali imejenga bwawa la umeme huko chini. Umeme sisi tuliujua wa radi. Mvua ikaja, mto ukajaa, kambare hawakupanda. Mwaka wa pili vilevile.

Siku moja mwaka huo nimempelekea mume wangu uji mtoni, kaka zangu wawili wakatokea. Mkubwa ana mkuki wa samaki, mdogo ana rungu.

"Shikamoo, kaka."

Mkubwa hakuniitikia. "Shemeji, umeziba mlango."

"Si huo hapo? Hata ng'ombe anapita," mume wangu akasema.

"Usiku unaziba, asubuhi unafungua. Wanangu wanalamba chumvi, wewe unanenepa!"

Mume wangu, mtu wa kuhesabika mbavu, akacheka. Alikuwa na kicheko kibaya, hata mimi kilishanigombanisha naye. "Basi vua migono uuone huo unono."

Rungu likamshukia begani. Akaanguka majini, akainuka na ufito, akampasua kaka mdogo pua. Hapo mkubwa akamchoma mkuki pajani, akauzungusha humo ndani kama anavyouzungusha kwenye samaki. Nikamrukia mgongoni. Nikamng'ata sikio mpaka kipande kikabaki mdomoni mwangu, nikakitema, nikang'ata tena.

Mume wangu kaketi kwenye maji mekundu. "Vueni migono," akasema. Sasa hacheki.

Kaka mdogo, damu zinamchuruzika puani, akaivua mmoja mmoja. Matope. Majani. Kaa mmoja.

Tulimbeba kwenye kitanda cha kamba, mimi na kaka zangu haohao, kuelekea hospitali ya Manyoni. Alifia njiani. Wazee walimaliza kwa ng'ombe, polisi hawakuambiwa.

Masika mengine yakapita, kaka mkubwa akaja kwangu na kambare mkavu, mnene kuliko wowote wa mto wetu. Kamnunua kwa mchuuzi wa baiskeli aliyetoka bwawani.

"Dada, samaki wako kule. Wamepata ziwa, wapande kwetu kutafuta nini? Hakuna aliyeziba mlango."

"Mume wangu alikuambia."

Nikampokea yule kambare, nikawapikia wanangu, tukala, na mimi nikala, mchuzi tukaumaliza kwa vidole. Kaka yangu nilimwacha amekaa uani, na hakuna aliyempelekea hata maji.