Nani Alikuwa Anaiua Kompyuta ya Marehemu Baba?

Rangi ya kucha niliyoipaka juu ya skrubu za kompyuta ilikuwa imepasuka.

Nyekundu. Niliipaka kwa mkono wangu mwenyewe, nikaipuliza mpaka ikakauka. Sasa vipande vyake viko sakafuni. Maana yake kuna mtu kaifungua kompyuta. Na fundi hakuwa amekanyaga kwetu tangu nilipoipaka.



Ngoja nianzie mwanzo, msije mkanidhania nimerukwa na akili.

Naishi na mama yangu, mkunga mstaafu. Baba alipotutoka alituachia kompyuta ya mezani, zee hasa, feni yake inakoroma kama mtu mwenye mafua. Zee hivyo hivyo, ndiyo inayoniweka mjini. Nawachapia watu tasnifu na ripoti.

Siku moja nachapa tasnifu ya mwalimu mmoja, nimenogewa kweli kweli, mara skrini ikageuka bluu.

Bluu tupu. Maandishi meupe, eti kompyuta imepata hitilafu. Ikajizima, ikajiwasha yenyewe. Nikafungua faili. Kazi yote ya asubuhi, patupu!

Nikasema bahati mbaya. Baada ya chakula ikarudia. Kesho yake tena.

Nikasaka virusi, hakuna. Nikafuta programu niliyokuwa nimeiweka karibuni. Nikabadilisha waya wa umeme. Nikapuliza vumbi mpaka nikapiga chafya za kufa mtu. Wapi! Ikikaa sawa kidogo, paa, bluu.

"Tumwite Fundi Pole," Mama akasema.

Fundi Pole ni mzee mmoja wa mtaa wa nyuma, mjane, mvi kichwa kizima. Jina hilo watu walimpa kwa sababu hana haraka na kitu chochote, na kila mteja anampa pole kwanza kabla hata hajagusa mashine.

Akaja. Akafungua boksi, akachomoa kibao kimoja chembamba, akakiangalia kwenye mwanga wa dirishani.

"Memori hii imekufa," akasema. "Kuna nyingine nzima humo ndani, itatosha. Hii ndiyo ilikuwa inawaletea bluu."

"Na ukiirudisha?" Mama akauliza, kainama kabisa, miwani puani.

"Ukiirudisha, Mkunga, bluu inarudi."

Akamwonyesha na mahali pake, na vishikizo vyake viwili vya kubana. Akakiacha kile kibao mezani, akanywa chai, akaenda zake. Malipo akakataa. Kwa mkunga aliyewazalisha nusu ya mtaa, alisema, hawezi kuchukua kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Fundi gani anakataa hela?

Kompyuta ikakaa vizuri siku chache. Halafu bluu.

Fundi akaja, akafungua, akakaa humo ndani muda mrefu, akafunga. "Nimeisafisha. Itakaa sawa." Chai. Soga. Vicheko na Mama sebuleni. Kwaheri.

Siku chache, bluu tena.

Ikawa ndiyo mtindo. Na kila akija namwona anavyozidi kujisikia nyumbani. Shati limenyooshwa. Siku moja nikamkuta kakalia kiti cha Baba, kile ambacho hata mimi sikikalii.

Nikampigia simu kaka yangu mkubwa.

"Huyo anakuchezea," Kaka akasema. "Anaitengeneza kidogo, anaiharibu kidogo. Anatafuta kitu humo ndani. Nyumba ya mjane hiyo, we unalala?"

Maneno yale yakaniingia kama mwiba. Nikaanza kumchunga Fundi Pole kama paka anavyochunga samaki. Akiinama, nainama, lakini mgongo wake unaniziba. Nikimuuliza tatizo nini hasa, ananijibu kwa mafumbo: "Mashine za zamani zinahitaji mtu wa kuzitazama tazama."

Mashine ipi hiyo?

Ndipo nikapaka rangi ya kucha kwenye skrubu. Akija tu, nitajua kafungua wapi na kagusa nini.

Sasa rangi imepasuka na fundi hajaja. Kwa hiyo anaingia ndani mimi nikiwa sipo!

"Mama, kuna mtu aliingia humu nilipoenda sokoni?"

"Sijaona mtu, mwanangu," akajibu, anakunja nguo. Hakuniangalia.

Nikasema liwalo na liwe. Nikamwambia Kaka aje. Kesho yake, mimi na Mama tu ndani, nikaisimamisha simu yangu katikati ya vitabu, ikirekodi, nikaaga kwa sauti kwamba nakwenda kupeleka kazi ya watu. Nikakaa kwa jirani, roho mkononi.

Niliporudi kompyuta ilikuwa imeshaandaliwa kunifanyia vituko. Nikaandika kidogo tu, bluu. Mama akasikia ninavyofoka, akasema kutoka jikoni, "Pole mwanangu, ngoja nimpigie fundi."

Nikajifungia chumbani na simu yangu.

Kwenye video mlango unafunguka polepole. Nikakaza macho nimwone huyo mwizi.

Kitenge. Miwani. Bisibisi mkononi.

Mama yangu mzazi!

Kapiga magoti, anafungua skrubu moja moja huku anaimba kwa pua. Katoa kile kibao kibovu kwenye kikopo cha vifungo, kakirudisha mahali pake kwa mikono ile ile tulivu iliyopokea watoto wa watu. Kabana vishikizo. Kafuta alama za vidole kwa ncha ya kitenge. Halafu kasimama mbele ya kioo, karekebisha kilemba.

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo yenyewe iwe Mama?

Kabla sijajua nicheke au nilie, nikasikia sauti ya Kaka sebuleni. Kumbe kafika, na fundi naye kafika. Nikatoka mbio.

Nimechelewa. Kaka kamshika fundi ukosi wa shati.

"Leo utasema! Unaiharibu kompyuta ya baba yetu ili upate njia ya kuingia hapa, kweli si kweli?"

Mama kasimama mlangoni na birika, kaganda.

Fundi Pole akamtazama Mama. Akamtazama muda kidogo tu. Halafu akamgeukia Kaka.

"Ni kweli," akasema. "Ni mimi. Mnisamehe."

Jamani.

Video ninayo mkononi. Najua kwamba huyu mzee anaongopa, na anaongopa akijua fika mtaa mzima utamwita mwizi. Nikafungua mdomo, lakini Mama aliniwahi.

"Mwachie, mwanangu." Akaweka birika chini. "Ni mimi."

Kaka akaachia ukosi. "Wewe nini, Mama?"

"Mimi ndiye ninayekirudisha kile kibao."

 

"Sasa Mama, si ungempigia tu simu?" Kaka akauliza, sauti imemwishia.

"Nimwambie nini? Mwanamke wa umri wangu, mjane, nina watoto wakubwa. Majirani wana macho. Lakini kompyuta ikiharibika, nani atauliza fundi kafuata nini?"

Nikamgeukia fundi. "Na wewe ulijua?"

"Kipande kibovu hakina miguu, binti. Nilijua tangu mara ya pili."

"Basi kwa nini hukuondoka nacho? Kila ukikitoa unakiacha humu humu ndani!"

Akainamisha kichwa, akanyoosha ukosi wake uliokunjwa.

"Ningerudi kwa sababu gani?"

Kaka akatoka nje. Nilidhani kakasirika, kumbe kaenda kucheka ukutani mpaka machozi. Aliporudi alimpa fundi mkono, akamwomba radhi kiume, akamwambia akae.

Tasnifu ya mwalimu niliimaliza wiki ile ile, bila bluu hata moja. Fundi Pole siku hizi anaingia mlango wa mbele mchana kweupe, mikono mitupu, bila mkoba wa vifaa. Majirani waliongea, wakachoka. Mwezi ujao Mama anaolewa, na amenituma nimchapie kadi.

Nilichojifunza ndicho hiki. Nilipekua mashine ile yote kutafuta ubovu, nikamchunga mgeni hatua kwa hatua, nikatega hadi kamera. Lakini miaka yote ile tangu Baba afariki, sikuwahi kukaa na mama yangu nikamuuliza, "Mama, upweke haukusumbui?"

Kama mzazi wako yuko chumba cha pili sasa hivi, iache simu. Kamuulize.