Nimekosa, Mheshimiwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika mahakama ya mwanzo moja wilayani Maswa, nilivaa viatu vya dada yangu vilivyonibana, nikasimama navyo tangu asubuhi hadi shauri la mwisho. Niliajiriwa ukarani. Lakini bosi wangu, hakimu mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliposikia nimezaliwa kwa Wasukuma alinisimamisha kando ya kizimba nimfasirie bibi mmoja aliyekuja kutoa ushahidi. Bibi akisema neno moja, mimi nilitoa matano. Hakimu alisubiri watu watoke.

"Binti, wewe hapa ni mdomo tu," aliniambia. "Ukiongeza chumvi umeharibu, ukipunguza umeharibu."

Nikawa mdomo hadi nywele zikageuka mvi. Nilihamishwa kutoka Maswa, nikapelekwa Itilima, nikamalizia Bariadi. Mahakimu walikuja na kuondoka, mkali na mpole, mwenye kusinzia baada ya chakula na mwenye kusahau miwani, nami nikabaki palepale kando ya kizimba. Watu hudhani kazi ya mahakama ni kuona wezi. Kazi ya mahakama ni kungoja. Unangoja shahidi, unangoja askari, unangoja mvua ipungue juu ya bati ili watu wasikilizane.

Sasa ninyi vijana mnanifuata nyumbani mkitaka niwaeleze haki zenu, na mimi magoti yananiuma, lakini sikilizeni. Ukikamatwa, uliza kosa lako; una haki ya kuambiwa, na kwa lugha unayoielewa. Hulazimiki kujieleza kwa sababu tu mtu amekukaripia. Kama hujatimiza miaka kumi na minane, wewe ni mtoto mbele ya sheria, na shauri lako lina utaratibu wake, mzazi au mlezi akiwapo. Ukishatimiza umri huo, usikimbilie utoto. Mahakamani utasomewa shtaka, yaani kosa unalodaiwa kulitenda, kisha utaulizwa kama unakiri au unakana. Ukikiri sawasawa, hataitwa shahidi yeyote. Kinachobaki ni adhabu.

Hapo ndipo watoto wetu wanapoangamia, na kinachowaangamiza ni adabu. Kwetu, kijana akiitwa mbele ya wazee, neno la kwanza ni "nimekosa," awe amekosa au hajakosa. Wazee wakishalisikia hupoa, wakakaa vizuri, ndipo habari yenyewe inasikilizwa. Ni desturi nzuri nyumbani. Kizimbani ni shimo. Nimelisikia neno hilo mpaka limenichosha, na vijana niliowaona wakishuka nalo kwenda gerezani siwezi kuwasahau hata nikitaka.

Mwaka wangu wa mwisho Bariadi, aliletwa Masanja, kijana wa Kasoli, mwendesha bodaboda, mtu mzima kwa miezi michache tu. Alikuwa amembeba abiria mwenye mbuzi wawili. Walipoona askari mbele, abiria aliruka akakimbilia kwenye shamba la pamba, Masanja akabaki na mbuzi wa watu. Akashtakiwa kwa wizi. Baba yake alikuwa ameketi benchi la mbele, kofia mapajani, na mama yake nyuma kabisa karibu na mlango.

Hakimu wetu wakati huo alikuwa mwanamama kijana, mgeni wa mkoa huu. Alisoma shtaka polepole, mimi nikalirudia kwa Kisukuma. Masanja akainamisha kichwa, akajibu kwa Kiswahili.

"Nimekosa, Mheshimiwa."

Baba yake akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi sikuwa na la kufasiri, maana Kiswahili hicho kila mtu alikielewa. Hakimu alishika kalamu, akamtazama, halafu akaiweka chini.

"Umekosa nini?" aliuliza.

Masanja akasema hajui. Baba alimwagiza aseme hivyo ili wakubwa wasikasirike.

"Hao mbuzi, uliwaiba?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekana. Ndivyo sheria inavyotaka, jibu lisilo wazi lisihesabiwe kuwa ni kukiri. Nikadhani ya siku hiyo yamekwisha.

Ikaja dhamana. Dhamana ni haki katika mashauri kama lile, na hainunuliwi; mtu akikuomba chochote ili akupe, anakuibia. Ila inataka mdhamini, mtu anayejifunga kwamba utarudi, na usiporudi ataulizwa yeye. Hakimu akamwita baba. Mzee akasimama, akavaa kofia yake.

"Sikumlea aje kubishana na wakubwa," alisema. "Mimi simdhamini."

Akatoka. Masanja angerudishwa mahabusu mpaka shauri liishe, na nimewaambia kungoja kwa mahakama kulivyo. Ndipo mama yake akaja mbele, kitambulisho kimefungwa kwenye ncha ya kanga. Aliniuliza kwa Kisukuma kama mwanamke anaruhusiwa. Nikamfasiria hakimu, hakimu akasema anaruhusiwa sawasawa na mwanamume. Mama akaweka dole gumba. Jioni ile alipofika nyumbani alikuta mlango umefungwa; alibisha, mumewe hakumfungulia. Akaenda kijiji cha Migato kwa kaka yake, na Masanja akamfuata huko.

Vijana wenzake walimshauri akimbilie Lamadi, ziwani, wasikomjua. Hakwenda. Kila tarehe ya shauri nilimkuta getini kabla ya mlinzi kufungua, yeye na mama yake, vumbi la Migato miguuni. Haki zake alisomewa na hakimu. Wajibu huo wa kurudi ili mama yake asiulizwe, hakuna aliyemsomea.

Mwenye mbuzi alipotoa ushahidi, alisema mtu aliyemwona zizini hakuwa huyu. Hukumu ilikuwa fupi. Hakimu akamwambia Masanja kwamba mahakama haikumkuta na hatia na yuko huru, aende. Hakuondoka. Aligeuka akanitazama, akauliza kwa Kisukuma, nami nikalifikisha swali lake bila chumvi.

"Na mama, naye yuko huru?"

Hakimu akajibu kwamba ndiyo, naye yuko huru, dhamana imekwisha.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Siku ile ya hukumu niliwasindikiza mama na mwanawe hadi barabarani. Baba alikuwa amesimama ng'ambo, amekuja na baiskeli, habari amezisikia. Hakuna aliyemwita mwenzake. Mama alijifunga kanga upya, akamshika mwanawe mkono, wakashika njia ya Migato.