Siku Nilipouona Moyo wa Hooyo

Mama yangu, ambaye sisi wanawe humwita hooyo, aliletwa kutoka kijijini Sangailu akiwa amevimba miguu. Huyu alikuwa mwanamke wa kufuata ng'ombe kutwa nzima juani. Sasa, nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Iftin, hakuweza kuvuka ua bila kusimama kutafuta pumzi, na alilala ameketi, mgongo ukutani.

Nilimpeleka hospitali. Daktari, mwanamke kijana aliyetoka bara, alizipitia dawa zake za presha, akasita kwenye verapamil.

"Mama anameza hii tangu lini?"

"Miaka sasa," nikasema. "Na presha imetulia kabisa."

Daktari alimlaza hooyo, akampaka mafuta kifuani, akapitisha kifaa cha kupigia picha. Skrini ikawaka, na moyo ukatokea.

Nilishikwa na bumbuwazi. Moyo ule ulinibeba kabla sijazaliwa, nami sikuwahi kuuona. Vilango vyembamba vilifunguka na kufungika, vikafunguka tena, bila mtu kuviamrisha.

"Hiyo ni moyo yangu?" hooyo aliuliza kwa Kiswahili chake. "Subhanallah! Hata nikilala nafanya kazi?"

"Hata ukilala, mama. Lakini moyo umechoka. Ona kuta zake, zinabana kidogo tu."

Kisha akatueleza, nami nikimfasiria hooyo kwa Kisomali. Verapamil ile huzuia kalsiamu kuingia kwenye misuli ya mishipa ya damu, mishipa ikalegea na presha ikashuka. Lakini moyo nao ni msuli, na bila kalsiamu hiyo hiyo haubani vizuri. Moyo wenye afya huvumilia. Uliodhoofika huzidi kulemewa, maji yakajaa miguuni na mapafuni.

"Alipoanzishiwa dawa hii, huenda moyo ulikuwa sawa," daktari alisema. "Sasa haimfai tena."

Akaiondoa, akampa dawa za kutoa maji na nyingine za kuusaidia moyo. Hooyo alimshika mkono, akamwombea dua ndefu ambayo sikuweza kuifasiri yote.

Uvimbe ulipungua polepole. Asubuhi moja nilimkuta uani, amesimama, anafagia. Baadaye picha ya pili ilionyesha zile kuta zikibana vizuri zaidi, ingawa si kama za mtu mwenye afya, na dawa hizo mpya ataendelea kuzimeza.

Alirudi Sangailu. Akinipigia simu huwa anatembea, anasema mvua imenyesha wapi, ng'ombe gani amezaa. Mimi huwa sisikii nusu ya habari hizo. Nasikiliza pumzi yake.