Sheria za Barke Akiwa Edani

Mwaka ule wa tisini na tisa, intaneti ilipoanza kuingia Kongowea, Barke binti Stambuli alikuwa mjane wa Kisauni, amekaa eda. Na kukaa eda, wallahi, si mchezo. Hutoki. Hujipambi. Hujipaki hata tone la mafuta mazuri. Unakaa chumbani na nguo zako nyeupe, watu wanaingia, wanakupa pole, wanakunywa chai yako, wanakwenda zao.

Nyumbani alibaki na mtoto mmoja tu, Mwanarehema, miaka kumi na minne, mrefu kuliko mamake na mwingi wa maneno. Marehemu Shee, babake, ndiye aliyempeleka mara ya kwanza saiba, kijiduka cha kompyuta mbili nyuma ya soko, na aliweka sheria moja: haendi peke yake. Shee alivuta stuli akakaa nyuma ya bintiye, akasoma kila kilichoandikwa, na kwa kuwa alisoma polepole, mtoto alingoja. Alipokufa sheria ilibaki, lakini wa kukaa kwenye stuli hayupo.

Barke alijaribu. Akiwa kitandani alitunga za kwake: shule, nyumbani, chuoni kusoma Kurani, nyumbani. Usipite sokoni. Usizungumze na usiyemjua, hata humo ndani ya kompyuta. "Abee, mama," Rehema anajibu. Sheria zote hizo zilitaka mtu wa kuzifuatilia kwa miguu, naye miguu yake ilikuwa imefungwa. Akachoka kuuliza, akachoka na majibu, akachoka hata na sauti yake mwenyewe.

Siku moja akaja Milcah, jirani wa kutoka bara aliyeuza mboga Kongowea. "Mama Rehema, mimi si mtu wa maneno. Lakini huyu mtoto namuona pale kwa kompyuta kila siku, anacheka peke yake."

Barke akamwita bintiye.

"Ni rafiki tu, mama. Anaitwa Sheikhan. Yuko Malindi, ana miaka kumi na sita."

"Umemuona?"

"Tunaandikiana."

"Kwa hivyo hujamuona. Basi mwisho leo. Umenisikia?"

"Abee."

Abee gani hiyo, nyepesi namna ile! Barke aliusikia wepesi wake, akasema moyoni jambo hilo atalishughulikia kesho. Lakini mwenye eda ana kesho gani? Siku zote kwake ni moja. Haendi sokoni, haendi harusini, hana cha kumtenganishia Jumatatu na Jumamosi.

Alasiri moja Rehema akaaga. "Mama, naenda chuoni." Msahafu kifuani, buibui limepigwa pasi.

"Nenda, Mungu akuhifadhi," Barke akamwitikia, akajilaza.

Nje watoto walikuwa wakicheza mpira kwa makelele, mpira unagonga ukuta wake. Akachungulia dirishani kwa hasira. "Nyinyi! Chuo hamwendi?"

"Bi Barke, leo Alhamisi!" wakacheka. "Alhamisi hakuna chuo!"

Lahaula! Alivaa viatu vilivyokuwa karibu, akajitanda kanga juu ya zile nguo nyeupe, akatoka. Dini inamruhusu mwenye dharura. Mtaa ndio hauruhusu. Mjane wa Shee, mchana kweupe, anakata mitaa! Wanawake barazani walitazamana, mmoja akajiziba mdomo. Barke aliwaona wote. Hakuwa na nguvu hata ya kuona haya.

Alimkuta Rehema mlangoni pa saiba, ameshika chupa ya soda kwa mikono miwili, hainywi. Kando yake amesimama mwanamume mwenye ndevu za mvi, funguo za gari kidoleni. Miaka kumi na sita! Mtu alikuwa rika la Shee.

"Twende basi, gari lile pale," alikuwa akimbembeleza.

"Rehema!" Barke akaita.

Yule mtu aliziona nguo nyeupe, akamwangalia mtoto, akasema amemfananisha tu. Akaingia garini, akaondoka mbio.

Njiani Rehema alilia. "Nilitaka kukimbia, mama. Miguu ilikataa." Barke alimshika mkono, hakumgombeza. Pumzi ya kugomba angeitoa wapi?

Magharibi haijaingia, Tima, dada wa marehemu, alishafika, amefura. "Ati mke wa kaka yangu anaonekana Kongowea! Kaburi halijakauka! Ulifuata nini?"

Rehema alikuwa nyuma ya pazia. Barke aliliona linatikisika.

"Nilichoka na kuta, wifi," akasema. "Nikatoka nipunge upepo."

"Upepo! Huna haya, Barke!"

Tima akamwaga yote yaliyokuwa moyoni, na ya miaka ya nyuma pia. Barke aliyapokea kichwa chini. Mara Rehema akatokeza, macho mekundu. "Shangazi, si yeye, ni..."

"Rehema, kaangalie chai," Barke akamkata. "Nenda!"

Tima alipoondoka, mtoto akaja akasimama mlangoni. "Kwa nini hukumwambia ni mimi?"

"Ya kwangu watayasema, watachoka. Ya kwako yangekufuata mpaka kwa mumeo."

Rehema akalia upya. "Sitaenda tena, wallahi. Niwekee sheria yoyote unayotaka, mama."

Barke alifumba macho. "Nimechoka na sheria, mwanangu. Njoo tu ukae hapa, nikuone."