Geti la Schirmer

Coralie Venning alihamia Port Hesketh na mitungi miwili ya hewa, suti nyembamba ya mpira ya kuzamia, na mume aliyepata kazi kwenye maghala ya ngano. Mume alizoea upesi. Mitungi ikakaa gereji, buibui wakaifanya nyumba.

Huko alikotoka, Cairns, kaskazini mwa Australia, bahari ni vuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani, na ukiuliza pa kuzamia, watu watatu wanakukimbilia na karatasi za bei. Hapa kwetu kusini ukiuliza swali hilo, watu wanatazama viatu vyao.

Aliuliza duka la chambo. "Kuzamia? Utaona nini huko, dada? Majani matupu." Akauliza baa. "Maji ya barafu, tena na papa! Nenda kacheze mchezo wa kuviringisha tufe majanini na akina mama, na keki zipo." Akaenda kuzamia gatini bila kuongozwa na mtu, akakuta toroli la dukani na kiti cha ofisi, vyote vimeota kome.

Si kwamba hatujui. Mahali pazuri pa kuzamia hapa ni kama mapishi ya bibi: mwenye nayo anakufa nayo.

Kwa wengine huo ni utani. Kwa Coralie haukuwa utani hata kidogo. Miaka yote ya utu uzima wake kazi yake ilikuwa kuwashusha watalii chini na kuwapandisha wakiwa hai. Chini ya maji alikuwa mtu mwenye jina. Huku juu alikuwa "yule mke wa Grant wa maghala." Akaanza kulala mpaka adhuhuri. Siku moja akamwambia Grant, "Baridi ikiingia sijapata bahari yangu, mimi narudi kaskazini." Grant akacheka, kisha akagundua anacheka peke yake.

Aliyemwokoa ni Merv Klose, na Merv hakuwa na huruma, alikuwa na shida. Huyu ni fundi bomba mstaafu, amezamia maisha yake yote na mwenza mmoja, Dudley, na Dudley sasa kawekewa nyonga ya chuma. Mtu hazamii peke yake. Hiyo hata Merv, asiyemheshimu mtu wala mbwa, anaiheshimu.

"Wewe Malkia wa Maji Moto," alimwambia nje ya duka la mikate, "una suti ya maana?"

"Ninayo nyembamba."

"Utakufa. Nitakuazima ya Dudley. Tumbo litakupwaya."

Akampeleka kwa Neville Schirmer, mfugaji ambaye shamba lake linaishia kwenye jabali la bahari. Merv akafungua geti, wakapita, akalifunga, wakashuka njia ya mbuzi na mitungi mgongoni. Chini kulikuwa na ghuba ndogo, na katika mwani wa ghuba ile aliishi joka la majani, binamu wa farasi wa baharini, kiumbe aliyevaa matawi mwili mzima; ukimtazama kwa haraka utadhani ni uchafu unaoelea. Coralie alimtazama polepole. Alipotoka majini miwani yake ya kuzamia ilikuwa na maji ndani.

"Inavuja?" Merv akauliza.

"Haivuji."

"Basi pangusa uso. Na ukimwambia mtu mahali hapa, nakuzika hapahapa."

Wakawa wanakwenda kila Jumamosi. Coralie akaanza kuamka asubuhi, akaanza hata kumtania Grant.

Kisha likaja joto kali. Siku moja ya katikati ya wiki alipanda gari kwenda kwa Schirmer, si kuzamia, kutazama maji tu toka juu ya jabali. Akakuta geti liko wazi, limeachama. Akasema moyoni, watu hawa wazembe. Alipotoka akalifunga vizuri, akapitisha mnyororo, akaondoka na raha ya mtu aliyeanua nguo za jirani kabla ya mvua.

Hapa kwetu mtoto anajua jambo hili kabla hajajua a e i o u: geti unaliacha kama ulivyolikuta. Likiwa wazi, liko wazi kwa sababu. Hakuna aliyemwambia, kama ambavyo hakuna anayemwambia mtu apumue. Na sababu ilikuwa hii: Neville alilifungua ili kondoo majike wafike kwenye birika la maji lililokuwa upande wa pili.

Habari ililetwa na Merv, akaingia jikoni bila kubisha.

"Wahuni wa jijini Adelaide wamefunga geti! Kondoo wamekufa wamejipanga kwenye waya wa uzio, ndimi nje, na birika wanaliona! Neville katia kufuli. Anasema mzamiaji hatakanyaga tena pale, hata mimi. Mimi! Niliyemtengenezea choo!"

Coralie alishika kikombe kwa mikono miwili. Wahuni wa Adelaide hawakuwepo. Angenyamaza, bahari ingebaki imefungwa kwa wote, lakini hakuna ambaye angemnyooshea kidole.

Alimkuta Neville akiburuza mizoga kwa trekta. Harufu ilikuwa nzito ya kukatwa kwa kisu.

"Ni mimi niliyefunga," alisema.

"Umefunga nini?"

"Geti. Nilidhani mtu amelisahau."

Neville akazima trekta. "Kwa hiyo ulikuwa unanisaidia."

"Ndiyo."

"Mungu aniepushe na wasaidizi." Akatazama mizoga, akamtazama yeye. "Ungenyamaza tu, mama. Kuwalaani wa Adelaide kulikuwa kunanipa nguvu ya kazi."

"Naweza kusaidia kuwaburu..."

"Hapana! Usinisaidie tena." Akapangusa shingo. "Merv nitampa ufunguo. Wewe sitaki kukuona ndani ya waya wangu."

"Merv hana mwenza mwingine."

"Hilo ni la Merv," akasema Neville, akawasha trekta.

Merv alipoambiwa, alikaa kwenye ngazi za nyumba ya Coralie bila kutukana, jambo lililomtisha Coralie kuliko matusi.

"Umenirudishia geti, umeninyang'anya mwenza," akasema. "Nani alikutuma kusema kweli?"

Jumamosi iliyofuata Coralie aliona gari la Merv likipita, mitungi nyuma, kiti cha abiria kitupu. Akalifuata mpaka getini na kusimama nje ya waya. Kutoka pale bahari haionekani, sembuse mapovu ya mzee mmoja. Alisimama juani akihesabu hewa ya mtu mwingine kichwani, mpaka akaona mtungi wa akiba ungekuwa umeisha, akashika waya tayari kuupanda, Schirmer atake asitake.

Ndipo kichwa cha mvi kikatokeza kwenye njia ya mbuzi. Merv alifika getini akihema, akampa mtungi juu ya waya.

"Shika. Mgongo umekwisha."

"Joka yupo?"

"Yupo. Kwao baba ndiye hubeba mayai: dume limejaa mayai mkiani, mengi." Akamtazama kwa hasira ambayo haikuwa na pa kukaa. "Jumamosi ijayo utakuja tena kusimama hapa kama kondoo?"

"Mzee, nisipokuja nani atajua kwamba hujatoka?"

Merv akafungua geti kwa ufunguo wake, akatoka upande wa Coralie, akaligeukia, akalifunga kama alivyolikuta.