Karatasi za Herufi Mbili Mbili

Kosa ni langu lote, msinitafutie udhuru. Nimelimeza miaka mingi na halikushuka. Leo nalitapika hapa, mnicheke au mnilaani, shauri yenu.

Ilikuwa wakati wa vita, Bujumbura. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya mtaa wa Rohero, na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. Karatasi zilikuwa adimu kwa sababu ya vikwazo vya biashara tulivyowekewa na nchi jirani. Mkuu wetu alizifungia kabatini kama sukari.

Siku hiyo programu moja ilikwama kwenye mashine. Amri ya kuizima inaitwa kill, yaani ua. Nilitaka kusoma maelezo yake kwenye karatasi, nikayatuma moja kwa moja kwenye printa. Yakatoka yamevurugika! Kila neno lililotakiwa kukolezwa wino lilikuwa na herufi mbili mbili: NNAAMMEE badala ya NAME, kkiillll badala ya kill. Nikalaumu waya. Nikachomoa, nikachomeka, nikachapa tena. Nikabadilisha hiki na kile, nikachapa tena. Nimuulize mtu, mimi? Thubutu! Mwishowe nilikuwa na mrundo wa karatasi zilizoharibika, na mkuu alikuwa njiani kurudi.

Hapo nikamwita Concilie, sekretari wetu, jirani yangu wa Musaga. Ndiye aliyenitafutia ile kazi. Nikamwambia achukue zile karatasi, watoto wake wataandikia nyuma. Alinishukuru sana, maskini, akidhani ni zawadi. Kumbe nilikuwa naficha uchafu wangu ndani ya mkoba wake.

Jioni tulirudi pamoja kwa basi. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, askari walitushusha wote, wakapekua mikoba. Mmoja akazitoa zile karatasi, akazigeuzageuza, akamwita mkubwa wao, ambaye aliwahi kukaa Uganda na alijua Kiingereza. Huyo alisoma polepole, akiruka herufi moja moja. Kisha uso wake ukabadilika.

"Hapa wameandika kuua," akasema. "Na wameficha mu maletre mbili mbili. Hii kode ya siri ni ya nani?"

Concilie akajibu kwamba ni karatasi za ofisini tu, hazina ubaya. Akaulizwa nani aliyezitoa. Alinitazama mara moja, halafu akatazama chini.

Nilikuwa nyuma yake kabisa, ningeweza kumgusa bega. Maelezo nilikuwa nayo mdomoni: ni kompyuta, ni amri ya mashine, ni mimi. Lakini nikawaza, nikisema watanichukua mimi. Yule mkubwa akanigeukia, akaniuliza kama namjua huyu mama.

"Apana, afande," nikasema. "Tumekutana mu bisi tu."

Wakamchukua. Sisi wengine tukaambiwa tupande, na mimi nikapanda!

Kesho yake niliipata dawa. Kumbe ile programu ya maelezo hukoleza herufi kwa kuipiga mara mbili mahali pamoja, kama tulivyofanya kwenye taipureta. Printa yetu haikujua kurudi nyuma, ikazipanga ubavu kwa ubavu. Ilitosha kuyapitisha maelezo kwenye amri ndogo, col -b, inayoondoa marudio hayo, kabla ya kuyachapa. Nikachapa ukurasa mmoja, ukatoka safi. Ningeuchukua huo, nikaenda kambini walikomshikilia, nikaulinganisha na zile mbovu na kueleza, labda wangemwachia siku ileile. Sikwenda. Niliogopa, na kila asubuhi nilijidanganya kwamba nitakwenda mchana.

Aliyekwenda kumwombea ni mkuu, yule niliyekuwa nikimkimbia kwa ajili ya karatasi. Concilie alitoka akiwa hai, namshukuru Mungu, lakini mkono wake wa kulia haukunyooka tena. Sekretari asiye na mkono! Kazi ikaisha.

Nilikwenda kwake kumwomba msamaha. Alinipa kiti. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

"Mi sikukutaja," akaniambia, "juu nilijua utajitaja weye mwenyewe. Nilikuwa nakungoja."

Muda si mrefu akahama na watoto wake, na pale mtaani hakuna aliyetaka kuniambia walikokwenda.

Nyinyi mnaosoma, mtu akishikwa kwa kitu chako, sema ni changu, palepale, hata kama sauti inatetemeka. Kesho utakuwa na maelezo mazuri sana, na hakuna atakayekuwa anayangoja.