Upepo mkavu wa Mariam Poni

Jua bado halijafika juu ya mabati ya maduka ya Arua, na tayari Mariam Poni ana vumbi mpaka kwenye kope. Pembeni mwa barabara iendayo Koboko, mbele ya lori lililoingia jana kutoka Sudan, anavuta kitambaa juu ya pua, anainua filta ya hewa yenye ukubwa wa ndoo na kuingiza ndani yake mkono ulioshika mpira wa upepo. Kisha anabonyeza. Upepo unalia, na wingu jekundu linafumuka mpaka watu wa kibanda cha chai wanafunika vikombe vyao.

"Piga huku nje, mama, vumbi iko huku," dereva anaelekeza, ana haraka zake.

Mariam hata hamtazami. "Mzee, wewe shika gari, mimi nashika upepo," anamjibu. "Ukipiga kutoka nje, vumbi inaingia ndani sana, inakaa, hapana toka tena. Mimi nafukuza kutoka ndani. Itoke na ile njia iliingia."

Dereva anacheka, anasogea kando. Madereva wa njia hii wanamjua. Bei anapanga yeye, na namna ya kupuliza anapanga yeye vilevile.

Mariam, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, anaishi kwa upepo. Kompresa yake, mashine ya kubana upepo, inaendeshwa na injini ya dizeli ambayo zamani ilisaga mahindi. Kutoka kwenye tangi unatoka mpira mrefu, na mwisho wa mpira kuna kifaa chenye kifyatulio ambacho mafundi wanakiita bastola, katika mji ambao ungefaa kuwa umechoka na jina hilo. Kwa kifaa hicho anasafisha filta na rejeta, anakausha vyuma vilivyooshwa kwa dizeli, na wachomeleaji wa jirani humletea vyuma vya moto avipoze.

Filta moja ni shilingi mia tano, rejeta elfu mbili. Siku nzuri hupata elfu kumi na mbili kabla ya kutoa mafuta. Mvua ikinyesha na vumbi likalala, hurudi nyumbani mikono mitupu.

"Kila mutu hapa anaomba mvua," anasema. "Mimi pia naomba. Lakini pole pole."

Asubuhi hii ya Agosti 1994, hata hivyo, mvua imemletea kazi. Pikapu iliyochafuka matope inasimama nyuma ya lori, na mwanamke aliyevaa gauni jeupe la uuguzi anashuka akikimbia. Ni Pasca Eyotaru, msimamizi wa zahanati moja ya Koboko, iliyo upande wa barabara ya Midia.

Habari zake ni fupi. Juzi dhoruba iling'oa bati za kibanda cha jenereta, na maji ya matope yakaingia ndani ya mashine. Jenereta ndiyo inayoendesha friji na mtambo wa kutakasia sindano, na ndani ya friji kulikuwa na chanjo ya surua, ugonjwa ambao umekwishaingia Midia. Sasa chanjo ziko kwenye makasha ya barafu, na barafu hiyo haitadumu mpaka usiku. Fundi wa umeme aliyeitwa, bwana mmoja anayeitwa Onzima, ameifungua jenereta, ameipima, akasema ipelekwe Kampala. Kwenda na kurudi, wiki mbili.

"Mama Poni, inaweza kauka leo?" Pasca anauliza.

Mariam anafuta uso.

"Jenereta?" anasema. "Sista, wewe hapana sikia habari yangu?"

"Nimesikia. Panda gari."

Tutasema habari yenyewe, kwa maana kila fundi wa Arua anaijua, na wengi wanaisimulia kwa kuongeza chumvi.

Mariam ni mtoto wa Koboko, binti wa Yugu, fundi wa magari jeshini. Mwaka 1979 serikali ya kijeshi ya Uganda ilipoanguka, familia za askari hazikusubiri kuambiwa mara mbili. Mariam aliondoka kwa miguu na watu wa kwao, akavuka mpaka kuingia Zaire, na huko, karibu na Ariwara, akapata kazi ya kufagia katika kiwanda cha kukobolea kahawa.

Kiwandani alimkuta mzee Kasimiro, mwenye kompresa. Kila jioni mzee alipuliza maganda ya kahawa kutoka kwenye mashine, na kila wiki alikausha mota za umeme. Mfagiaji alisimama na ufagio wake akitazama. Baada ya mwaka akaomba kushika bastola. Baada ya miwili, mzee alikuwa anakaa kwenye kiti na Mariam anafanya kazi.

"Alinifundisha yote," anasema Mariam ndani ya pikapu, kompresa ikirukaruka nyuma kwenye mashimo ya barabara. "Yote, isipokuwa pipa."

Kando ya kompresa ya Kasimiro kulikuwa na pipa la maji baridi. Ndani ya maji hayo mzee aliweka chupa zake za bia, nne au tano, kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi. Mariam, binti Mwislamu aliyelelewa vizuri, aliliona pipa lile kuwa pipa la pombe. Hakulisogelea. Hata kutazama ndani hakutazama. Kwa miaka sita alipita mbali nalo kama vile lingemrukia.

Aliporudi Uganda mwaka 1986, na miaka mitatu baadaye akapata kompresa yake, hakuweka pipa. Angeliweka la nini?

Mwaka 1990 tajiri mmoja wa Omugo alimpa kazi ya kukausha mota ya mashine yake ya unga iliyokuwa imelowa. Mariam alipuliza nusu siku. Mota ilionekana kavu. Waliiwasha, ikatoa mlio mmoja, kisha moshi, kisha ikafa. Watu waliokuja na mahindi yao wakarudi nayo.

Alikaa siku kumi akiizunguka kompresa yake bila kuelewa. Siku moja akafungua koki iliyo chini ya tangi, na maji yakamwagika miguuni, lita nzima na zaidi. Upepo ukibanwa unapata joto, na ukipoa unaacha maji. Maji yale yalikuwa yanasafiri ndani ya mpira na kuingia kwenye nyaya alizodhani anazikausha.

Hapo ndipo alipokumbuka pipa. Alivuka mpaka tena kumtafuta mzee, akakuta Kasimiro bado yu hai na bado anakunywa. Safari hii alitazama ndani. Chini ya chupa kulikuwa na bomba la shaba lililokunjwa mizunguko mingi, upepo unapita humo ukipozwa na maji ya pipa, unaacha unyevu wake kwenye kichupa cha chuma chenye koki, halafu unatoka ukiwa mkavu. Bia ilikuwa mgeni tu.

"Mzee alicheka mpaka akalia," anasema Mariam. "Aliniambia, binti yangu, miaka sita unaogopa chupa, na kazi iko chini ya chupa."

Alirudi, akatengeneza pipa lake. Lakini jina lilikuwa limekwishaharibika. Kwa miaka minne hakuna mtu aliyempa kitu chenye nyaya za umeme. Filta, ndiyo. Rejeta, karibu. Mota, hapana. Leo ni mara ya kwanza, na kama jenereta hii nayo itatoa moshi, anajua hata filta hataletewa tena.

Koboko wanafika karibu saa tano. Chini ya ukuta wa zahanati wamekaa akina mama na watoto, zaidi ya mia, wengine wametoka Midia tangu usiku. Onzima, bwana mnene mwenye suruali iliyopigwa pasi, anawapokea kwa adabu ambayo ndani yake imejaa shaka.

"Mama, mimi hapana dharau kazi yako," anasema. "Lakini hii iko kazi ya Kampala. Upepo ni ya vumbi."

"Iko sawa, fundi. Wewe pima, mimi napuliza," Mariam anajibu. "Kipimo yako ikikataa, mimi nafunga vitu, naenda."

Kwanza anaosha matope kwa maji safi, jambo linalomfanya Onzima ashike kichwa. Halafu wanaume wanne wanashusha pipa, linajazwa, bomba la shaba linazama, injini inaungurumishwa. Kabla ya kugusa jenereta, Mariam anatoa kioo kidogo cha kujitazamia, anakielekezea upepo na kuhesabu mpaka ishirini. Kioo kinabaki safi, bila ukungu: upepo ni mkavu. Ndipo anaanza, pole pole, mwanya kwa mwanya, kutoka ndani kwenda nje, huku jiko la mkaa likipasha joto bati lililowekwa kando ya jenereta ili kusaidia kuikausha.

Saa saba kishale cha kipimo cha Onzima, ambacho hupanda kadiri nyaya zinavyokauka, kinasogea kidogo. Saa nane kinasogea tena. Onzima anakitazama, anakigonga kwa kidole, anatazama tena. Kiburi chake kimeanza kupungua, na inafurahisha kukiona.

Kisha kishale kinasimama. Saa nane na nusu kiko palepale. Pasca anatoka ndani na kusema kwamba barafu ya kasha moja imekuwa maji.

"Basi tuwashe," Onzima anasema. "Imefika karibu. Ikiwaka yenyewe, joto itamaliza kukausha."

"Hapana."

"Mama, dawa inakufa!"

"Naona. Hapana."

Mariam anachukua kioo na kukielekezea upepo. Hajafika hata kumi, kioo kimefanya ukungu. Anaingiza mkono ndani ya pipa. Maji yamekuwa ya moto kama ya kuogea mtoto. Jua na kazi ya saa tatu vimeyapasha joto, na upepo umeanza kubeba maji tena. Kwa muda asioujua, amekuwa akiirudishia jenereta unyevu ule ule anaoutoa. Uso wake unabadilika. Anaogopa, na hafichi kwamba anaogopa.

"Hii ndiyo ile ya Omugo," anasema, kama anajiambia mwenyewe. Halafu anawageukia wanawake walio chini ya ukuta na kupaza sauti kwa Kikakwa, lugha ya Koboko, kisha kwa Kiswahili: "Nataka maji ya kisima! Baridi! Nyingi!"

Kisima cha pampu kiko hatua mia tatu. Wanawake wanakabidhiana watoto, nusu yao wanainuka. Madumu, ndoo, masufuria ya zahanati, hata beseni la kufulia shuka. Yule wa kwanza anamwaga, wa pili yuko nyuma yake, maji ya moto yanafurika kando ya pipa na ya baridi yanashika nafasi yake. Mariam anafungua koki ya kichupa, kinatema maji, anafunga. Anapima kwa kioo. Ukungu. Anangoja ndoo kumi zaidi. Anapima tena, anahesabu ishirini, anaendelea mpaka thelathini.

Kioo ni safi.

Onzima anavua shati lake zuri, analitundika kwenye mlango na kwenda kupokea ndoo. Kwa saa moja na nusu ndoo zinapokezana. Kishale kinapanda.

Saa kumi na dakika kumi fundi anasoma kipimo chake mara tatu. "Sasa," anasema. Lakini haiwashi. Anampa Mariam mpini wa kuwashia.

Jenereta inakohoa mara mbili, inanyamaza. Mama mmoja anasema jina la Mungu. Mara ya tatu inashika, inanguruma, na balbu iliyo juu ya mlango wa chumba cha friji inawaka mchana kweupe. Hakuna moshi. Wanangoja dakika tano, kumi, na bado hakuna moshi. Pasca anabeba makasha mwenyewe. Katika matano, manne yana barafu bado. La tano analiweka kando, chanjo zake zitupwe. Kesho yake asubuhi watoto mia moja arobaini na watatu watadungwa sindano, nao watalia kwa afya zao zote.

Kwa nini alimfuata fundi ambaye mji mzima unamsema? Pasca anajibu akiwa anafunga mlango wa friji.

"Ile mota ya Omugo ilikuwa ya mjomba wangu," anasema. "Mama huyu alikuja kwa miguu mpaka nyumbani. Alisema, hapana mashine mbovu, hapana mchawi, ni mimi nilipuliza maji, nimejua sasa. Mafundi wengi wameharibu vitu yetu. Ile inakuja kusema ni mimi, sijaona ingine."

Mariam hakujua kwamba muuguzi huyu ni mtu wa nyumba ile. Anageuza uso, anashughulika na mpira ambao hauna shida yoyote. Anapogeuka tena, macho ni mekundu, na safari hii si kwa vumbi.

Onzima tayari ana orodha. Kuna mashine ya unga sokoni, kuna pampu ya maji, kuna mota mbili zilizokaa Koboko tangu mwaka jana zikisubiri lori la kwenda Kampala. Anataka wafanye kazi pamoja, yeye apime na mama akaushe. Mariam anasikiliza, anamkatisha, anampangia masharti: kipimo ni cha Onzima, lakini neno la kuwasha ni la kioo.

Mpango wake ni huu. Kabla ya Desemba atajenga banda la mabati hapa Koboko, kwenye kiwanja cha baba yake ambacho leo kimemezwa na majani. Litakuwa na mapipa mawili, moja likipata joto upepo uhamie kwenye la pili. Arua atakwenda kila Alhamisi kwa ajili ya madereva wake.

Jioni watu wanapopakia kompresa kwenye pikapu, anaulizwa kama hakuchoka. Anatazama barabara ya mpakani, ile aliyoifuata na umati mwaka ule, akiwa na kifurushi kichwani.

"Nilitoka Koboko kwa miguu, na hapana mutu aliniambia baki," anasema. "Leo wametuma gari kunitafuta. Mwambie dereva ashushe hii kompresa. Mimi nalala hapa."